Manung'uniko ya Wajane na Kazi ya Kanisa Mtaani

Masomo: Matendo 6:1–7, Hesabu 27:1–7, Yeremia 29:7

Jumapili iliyopita muda ulituishia kabla hatujamaliza Matendo sura ya 6, na wengi wenu mliniuliza baada ya ibada nilikuwa nataka kufika wapi. Nimeona niandike, ili Alhamisi kwenye ushirika wa nyumbani tulizungumze kwa utulivu. Pia kuna jambo ambalo wazee wa kanisa wanaliamua mwezi huu, na ni vizuri washirika mjue ni nini.

Chama cha wakazi wa mtaa wetu kimeliomba kanisa vitu viwili. Cha kwanza, kitumie ukumbi wetu Jumamosi moja kila mwezi kwa mikutano yake. Cha pili, kanisa litie sahihi kwenye ombi linalopelekwa bunge la kaunti kuhusu maji na mabomba ya maji taka. Wengine wanaotia sahihi ni msikiti, parokia ya Katoliki, vikundi viwili vya vijana na NGO moja ya mambo ya afya. Ndugu kadhaa wamesema wazi kwamba hawakubali. Wanasema hiyo ni siasa, na tena nuru na giza havina ushirika. Nimewasikiliza na ninawaheshimu, lakini nadhani Matendo 6 ina neno kwetu.

Angalieni Yerusalemu wakati ule. Kanisa ni changa na lina moto, watu wanaponywa, wanaookoka wanaongezeka. Halafu yanazuka manung'uniko. Waumini wengine walikuwa Waebrania wenyeji, na wengine walikuwa Wayahudi waliolelewa wakizungumza Kiyunani. Imani ni moja, Roho ni mmoja, lakini chakula cha kila siku kikigawanywa, wajane wa upande wa Kiyunani wanarukwa.

Mimi nilisomea biashara chuoni, na nikisoma huo mstari wa kwanza naona tatizo la orodha. Biblia haisemi mtu yeyote aliwachukia wale wajane. Lakini nani alikuwa anaandika majina? Anayeandika orodha huanza na watu anaowajua, wale anaoelewana nao lugha na anaojua mlango wao uko wapi. Mjane aliyekuja mjini uzeeni, hana shangazi wala binamu karibu, na lugha yake haieleweki vizuri na aliyeshika kikapu, anaachwa bila mtu kuamua kumwacha.

Sasa njoo Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaunti hii. Kwenye ploti moja hapa kwetu utapata Mkamba, Mluhya, Mluo, Mkikuyu, Msomali, na mama Mkongomani anayeuza vitenge. Mafuriko yalipokuja Aprili na Mei 2024, Mathare na Mukuru watu walipoteza kila kitu, na misaada ikaja kwa wingi, Mungu awabariki waliotoa. Lakini mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni ya msaada anajua swali linaloulizwa chini kwa chini: orodha iko na nani? Ikiwa na mzee fulani, watu wa kwao watapata. Ikiwa na mchungaji fulani, washirika wake watapata. Na mpangaji aliyehamia mwezi uliopita anabaki akiangalia tu.

Mitume walifanya nini? Kwanza hawakuwakemea waliolalamika. (Sisi tungesema wana roho ya manung'uniko, tuwaombee.) Waliita mkutano wa wote. Kisha soma majina ya wale saba kwenye mstari wa 5: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Majina yote saba ni ya Kiyunani, na Nikolao hata si Myahudi wa kuzaliwa, ni mwongofu kutoka Antiokia. Kwa hiyo inaonekana upande uliokuwa unarukwa ndio uliopewa meza na daftari. Katika ofisi nyingi, pakiwa na malalamiko, huongezwa mwakilishi mmoja wa wanaolalamika ili picha ipendeze. Hapa haikuwa hivyo. Walioumia na orodha ndio walioshika orodha, na waliaminiwa kuwalisha hata wajane wa Waebrania.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani katika Kiswahili. Kwa Kiyunani, neno la mgao wa chakula kwenye mstari wa 1 na neno la huduma ya Neno kwenye mstari wa 4 ni lile lile, diakonia. Mitume hawakusema meza ni kazi ya chini. Walisema ni huduma nyingine, inayohitaji watu wenye sifa njema, wenye Roho na hekima. Hekima ya kuhesabu magunia nayo imo.

Nimewahi kueleza hapa kuhusu Mukuru, na nitarudia kwa sababu ni mfano ulio karibu. Tangu 1996 kuna muungano wa watu wa mitaa ya mabanda unaoitwa Muungano wa Wanavijiji. Ulizaliwa kutokana na kubomolewa nyumba. Watu hao walijipanga kwa vikundi vya kuweka akiba, na wakajifunza kujihesabu wenyewe mlango kwa mlango: nani anaishi wapi, anapata wapi maji, choo kimoja kinatumiwa na watu wangapi. Kwa hesabu hizo waliweza kuonyesha kwamba mtu wa Mukuru hununua maji kwa mtungi kwa bei ya juu kuliko mtu wa mtaa wenye bomba la kaunti. Yaani maskini analipa zaidi kwa maji machafu zaidi.

Mwaka 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, pamoja na Viwandani, mahali penye kaya zaidi ya 100,000. Yakaingia mashirika zaidi ya 40, vyuo vikuu, idara za kaunti, wanasheria, watu wa afya. Ingekuwa rahisi wataalamu wachore mpango ofisini. Badala yake wakazi walipangwa nyumba kumi kumi, kila kumi wakachagua mtu wao, na hao wakakutana na wa jirani zao mpaka mtaa mzima ukapata sauti. Ukipanga kwa nyumba kumi zilizo karibu huwezi kupanga kwa kabila, maana nyumba kumi za Mukuru zina makabila matano. Mpangaji ana sauti sawa na mwenye mabati. Hiyo kwangu ni Matendo 6 kabisa, hata kama waliofanya hivyo hawakuwa wanaisoma.

Sisemi Mukuru imekuwa mbinguni. Mwishoni mwa 2021 maelfu ya familia Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba ili barabara ipite. Mpango ulioandikwa haukuzuia tingatinga. Lakini barabara za ndani zimejengwa, na maji na mabomba ya maji taka yameanza kufika sehemu ambazo zamani hazikuwepo kwenye ramani yoyote ya serikali.

Kuhusu NGO pia tuseme ukweli. Zipo ambazo bango ni kubwa kuliko kazi, na pesa za mfadhili zikiisha, na mradi umeisha. Zipo zinazokuja na orodha yao tayari. Lakini hata makanisa tunajua kupiga picha na pakiti ya unga. Kipimo changu ni kile cha mstari wa 5: nani ameshika daftari? Chukueni lile shirika la vijana la Mathare, MYSA, lililoanza 1987 kwa mpira. Kule timu inapata alama kwa kusafisha mtaa, si kwa mabao peke yake. Kijana hasubiri mtu wa nje aje kuzoa taka za kwao.

Sasa tuje kwenye neno siasa. Fungua Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, baba yao amekufa bila mtoto wa kiume, na ardhi inaenda kugawanywa bila jina lake. Wanasimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na kusanyiko lote, mlangoni pa hema, na wanaomba haki yao kwa sababu zilizopangwa vizuri. Hawakuvunja kitu wala hawakumtukana mtu. Musa akapeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akasema wamesema haki, na sheria ikawekwa kwa ajili ya wengine wote baadaye. Hiyo ndiyo tunaita leo kupeleka ombi. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani na kuwasilisha maombi kwa wenye mamlaka, na Ibara ya 43 inataja maji safi na usafi wa mazingira. Kumpigia kampeni mgombea madhabahuni ni jambo lingine, na hapo niko pamoja na ndugu wanaokataa. Nimependekeza kwa wazee kwamba ukumbi ukitolewa, asiruhusiwe mwanasiasa kuhutubia humo, awe ameokoka au hajaokoka.

Na jirani zetu Waislamu na Wakatoliki? Onyo la Paulo la kutofungiwa nira na wasioamini, katika 2 Wakorintho 6, limezungukwa na maneno ya ibada na sanamu. Hakuna anayetuomba tuabudu pamoja. Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, katikati ya miungu ya kigeni, watafute amani ya mji ule na kuuombea, kwa kuwa amani yao imo katika amani yake. Bomba la maji taka likipasuka hapa nyuma, uchafu unaingia kwetu na kwa Mama Halima siku ile ile, na kipindupindu hakiulizi mtu anasali wapi.

Linalonihangaisha zaidi ni mfuko wetu wa huruma. Kila Desemba tunagawa chakula kwa familia ambazo viongozi wa ushirika wamezitaja. Ni kazi njema. Lakini vikao vya ushirika ni Jumanne na Alhamisi jioni, na mlinzi wa usiku au mama anayepika chapati saa hiyo hayumo, kwa hiyo hatajwi. Mkongomani wetu hatajwi kwa sababu anakaa nyuma na Kiswahili chake ni kile cha Lubumbashi. Napendekeza mwaka huu orodha iandikwe na watu saba, na wasiopungua wanne watoke kwa wale ambao hawajawahi kutajwa. Mahesabu yabandikwe mlangoni: kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, magunia mangapi, bila majina ya waliopokea.

Alhamisi, kila ushirika usome Matendo 6:1–7 na Hesabu 27:1–7. Baadaye kila mmoja ataje jina la jirani mmoja kwenye ploti yake ambaye si wa kabila lake na si wa kanisa hili, na aseme anapata maji wapi na kwa bei gani kwa mtungi. Asiyejua aende akaulize wiki hii. Viongozi wa ushirika wataandika bei hizo. Wazee watakaa Jumamosi saa tatu asubuhi, na wasiokubaliana nami wamekaribishwa kuja kusema. Nakala ya lile ombi iko kwa Shemasi Mkuu, yeyote anaweza kuisoma kabla hatujatia sahihi au kukataa.