Kiharusi kwa Watoto Wenye VVU: Tukijue, Tukiwahi

Somo la Kamati za Afya za Parokia
Andiko la kutafakari: Marko 2:1–12



Wapendwa wanakamati na wafadhili, katika vijiji vyetu vya Songea kiharusi huhesabiwa kuwa ni ugonjwa wa wazee wenye shinikizo la damu. Mtoto akipooza ghafla upande mmoja, wengi husema amerogwa, na saa za thamani hupotea kwa mganga. Somo hili linaeleza kwamba watoto nao hupata kiharusi, kwamba Virusi vya UKIMWI (VVU) ni mojawapo ya visababishi vyake, na kwamba parokia ina sehemu yake katika tiba.

Kiharusi ni nini?
Ni hali inayotokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu huanza kufa ndani ya dakika chache.

VVU huletaje kiharusi?
Kwanza, VVU visipodhibitiwa kwa dawa hudhuru kuta za mishipa ya ubongo. Mshipa huweza kusinyaa ukaziba, au kutanuka ukapasuka. Pili, kinga ya mwili ikishuka, magonjwa mengine hupata nafasi: kifua kikuu (TB) cha utando wa ubongo na virusi vya tetekuwanga huishambulia mishipa hiyohiyo. Tatu, moyo ukidhoofika, damu huweza kuganda ndani yake na bonge likasafiri hadi ubongoni.

Dalili
Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea ghafla, mdomo kwenda upande, kushindwa kusema au kuelewa, degedege, kuumwa kichwa vikali, kuyumba au kupoteza fahamu.

Tufanye nini nyumbani?
1. Kumbukeni saa dalili zilipoanza. Daktari ataiuliza.
2. Mlazeni mtoto kwa ubavu. Msimpe chakula, maji wala dawa ya kunywa, maana anaweza kupaliwa.
3. Msimpe aspirini. Kama mshipa umepasuka itazidisha damu kuvuja, na kwa mtoto mwenye tetekuwanga au mafua makali huweza kudhuru ini na ubongo.
4. Mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na kadi yake ya kliniki na dawa anazotumia.

Tiba hospitalini
Wahudumu huhakikisha mtoto anapumua vizuri, hupima sukari na malaria, na kuzuia degedege. Hupima pia VVU na selimundu, kwani selimundu nayo huleta kiharusi kwa watoto. Picha ya ubongo kwa mashine ya CT huonyesha kama mshipa umeziba au umepasuka, na maji ya uti wa mgongo huonyesha maambukizi. Tiba hufuata kisababishi: dawa za TB, dawa ya virusi vya tetekuwanga, au aspirini kwa kipimo cha daktari baada ya kuhakikisha kuwa damu haivuji.

Mtoto mwenye VVU ambaye hajaanza dawa za ARV huanzishiwa. Akiwa na TB ya ubongo, TB hutibiwa kwanza kwa majuma kadhaa, kwa sababu ARV zikianza mapema mno uvimbe wa ubongo huweza kuongezeka. Mazoezi ya viungo huanza mapema na kuendelea nyumbani kwa miezi mingi.

Kinga iko wapi?
Kinga kubwa ni kuvidhibiti virusi. Tanzania ilianza kutoa ARV bure mwaka 2004, na tangu 2016 kila anayegundulika na VVU huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke. Mtoto wa mama mwenye VVU apimwe akiwa na majuma 4 hadi 6. Bila dawa, karibu nusu ya watoto walioambukizwa na mama zao hufariki kabla ya miaka miwili. Utafiti wa Afrika Kusini uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kuanza ARV mapema katika uchanga kulipunguza vifo kwa asilimia 76.

Sehemu ya parokia
Dawa ni bure, lakini nauli si bure. Kwa bibi anayelea yatima, safari ya kila mara kwenda Peramiho au hospitali ya mkoa mjini Songea ni mzigo mzito. Akikosa nauli, mtoto hukosa dawa, na virusi hupata nguvu tena. Kwa hiyo mfuko mdogo wa nauli ni sehemu ya tiba. Utolewe kwa wagonjwa wote wa kliniki bila kutaja ugonjwa, ili siri ya mtoto ilindwe.

Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu hakujiendea mwenyewe. Watu wanne walimbeba, na njia ilipofungwa walitoboa dari. Watoto wetu nao wanahitaji wabebaji.

Maswali ya kujadiliana
1. Mtoto akipooza usiku kijijini kwetu, nani ana usafiri, nani ana simu?
2. Nani katika jumuiya atafundishwa kumsaidia mtoto kufanya mazoezi?
3. Tutawasaidiaje watoto hawa bila kutoa siri zao?

Mungu awabariki.