CHUPA TUPU NI PESA



Hebu tazama nyuma ya mlango nyumbani kwako. Huenda kuna chupa tupu ya soda, ile ya kioo. Usiitupe. Ni pesa. Lakini ni pesa yenye masharti.

Ukifika dukani, iwe ni Rulenge, Kabanga au Nyakahura, ukitaka kuondoka na soda ya chupa ya kioo, mwenye duka atakuuliza, "Una chupa?" Ukiwa nayo, unalipa soda tu. Kama huna, unaacha na pesa ya chupa.

Kwa nini? Kwa sababu umenunua soda, hukununua chupa. Chupa ni mali ya kiwanda. Inarudi kiwandani, inaoshwa kwa maji ya moto na dawa kali, inakaguliwa, kisha inajazwa tena. Chupa moja husafiri hivyo mara nyingi.

MASHARTI MANNE

1. Iwe ya aina ile ile. Chupa ya bia haibadilishwi na ya soda. Soma maandishi yake. Kusoma sasa unajua!

2. Mdomo uwe mzima. Mdomo ukimeguka, kizibo hakibani. Gesi hutoka na uchafu huingia. Tena kipande cha kioo chaweza kumkata mnywaji.

3. Isiwe na ufa. Gesi ya soda husukuma kwa nguvu. Chupa yenye ufa hupasuka.

4. Isiwe imetiwa mafuta ya taa, wala dawa ya kunyunyizia pamba au kahawa.

Masharti matatu ya kwanza mwenye duka huyaona kwa macho. La nne unalijua wewe peke yako. Umeosha chupa, inang'aa, naye anaipokea. Je, atakayeinywea kesho ni nani? Pengine ni mwanao. Basi chupa iliyotiwa sumu usiirudishe kamwe, hata kama utapoteza pesa yako.

Afadhali tusianze kabisa kutia sumu humo. Mtoto mdogo hajui kusoma. Anajua tu kwamba chupa ya soda ina soda. Akiona maji ndani, atakunywa. Dawa ya shamba ikae katika chombo chake chenye maandishi, mahali pa juu, tena pafungwe.

HESABU

Kreti ya soda ina chupa 24. Mama mmoja mwenye duka alipokea chupa 24 bila kuzikagua. Gari la soda lilipokuja, chupa 5 zilikataliwa kwa kumeguka mdomo. Tuseme pesa ya chupa moja ni shilingi 500. Mama huyu amepata hasara ya shilingi ngapi?

MASWALI

1. Chupa ya soda ni mali ya nani?
2. Kwa nini mdomo uliomeguka ni hatari?
3. Sharti lipi mwenye duka hawezi kuliona?

Andika majibu katika daftari lako. Halafu msomee jirani somo hili, hasa yule anayeweka mafuta ya taa katika chupa ya soda.