Sevisi ya Gari: Kilomita 5,000 au Kusubiri Taa?

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu hatuna gari, lakini wengi wetu tunasomeshwa na gari. Inaweza kuwa Noah, Hiace, Canter ya kubeba ndizi au bodaboda ya kaka. Boom ikichelewa, hesabu ya chombo hicho ndiyo inayotumwa kwenye simu. Kwa hiyo swali la lini gari lipelekwe sevisi si la fundi peke yake. Ni swali la ada pia, na sisi tunaosoma gharama, takwimu na uhandisi tunaweza kulisaidia nyumbani.

Kwetu ni Kikatiti, kwenye barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, ukishapita Usa River na Maji ya Chai. Nyumbani kuna Noah ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni ya mama, anaiendesha baba mdogo. Likizo iliyopita ulizuka ubishi. Baba mdogo alikuwa amesikia stendi kwamba magari ya Ulaya yanakwenda hadi kilomita 30,000 bila kumwaga oili.

"Sasa sisi tunamwaga kila 5,000 ya nini? Tunamtajirisha mwenye duka la spea tu," alisema.

Mama hakutaka kusikia. "Shemeji, gari likifa hapa, huyu mtoto atarudi nyumbani na mabegi yake."

Wakanigeukia mimi: wewe unasoma uhasibu, hebu tupigie hesabu. Niliyoyapata ndiyo haya.

Ratiba mbili za sevisi

Ratiba ya kwanza ni ya kudumu. Mtengenezaji au fundi anasema: mwaga oili kila kilomita 5,000 au kila miezi 6, chochote kitakachotangulia. Fundi anaandika namba kwenye stika, anabandika karibu na mlango au kwenye kioo, mchezo umeisha. Ni rahisi kufuata hata kama dereva anabadilika kila wiki.

Ratiba ya pili inabadilika. Kompyuta ya gari inahesabu injini imewashwa mara ngapi, imezunguka kwa kasi gani, imefikia joto gani na imechoma mafuta kiasi gani, kisha inakadiria oili imechoka kiasi gani. Magari mengine yana sensa ya hali ya oili. Ikifika kikomo, taa ya sevisi inawaka kwenye dashibodi. Baba mdogo hakudanganywa: kwa Volkswagen, mpango wa LongLife unaruhusu hadi kilomita 30,000 au miaka 2, wakati ratiba yao ya kudumu ni kilomita 15,000 au mwaka 1. BMW na Mercedes nao wana mifumo yao.

Lakini ruhusa hiyo ina masharti. Lazima oili iwe ya kiwango maalumu kilichoandikwa kwenye galoni, na gari liwe linakwenda safari ndefu za mwendo mmoja, kwenye lami safi, na mafuta safi. Ukiweka oili ya kawaida kwenye gari la namna hiyo, fundi anatakiwa aingie kwenye kompyuta airudishe kwenye ratiba ya kudumu. Asipofanya hivyo, kompyuta itaendelea kuhesabu kana kwamba oili ya bei mbaya bado imo ndani.

Oili inakufaje?

Oili haiishi kama petroli. Inachoka. Kazi yake ni kulainisha, kupoza, kusafisha na kuzuia kutu. Ndani yake kuna viungo vya kemikali vya kusafisha uchafu na kuua asidi, na viungo hivyo vinatumika kidogo kidogo. Joto linaifanya iwe nzito na kuacha utando. Injini ikiwashwa baridi asubuhi, petroli kidogo na maji yanapenya na kuingia kwenye oili. Eya klina ikiwa mbovu, vumbi linaingia pia, na vumbi ndani ya injini ni msasa.

Sasa tazama mazingira yetu. Mlima Meru ni volkano, na udongo wa miteremko yake umetokana na majivu na mawe ya volkano. Kiangazi kikikolea, ukiacha lami na kupanda juu kwenye vijiji, vumbi lake ni laini kama unga. Vitabu vingi vya magari vina ukurasa unaoeleza "matumizi magumu": vumbi, mizigo mizito, safari fupi, kusimama na kuondoka, injini kunguruma gari likiwa limesimama. Kitabu kinaagiza kwamba hapo muda wa sevisi upunguzwe. Noah ya Kikatiti ina sifa zote hizo kwa siku moja.

Hesabu saa, usihesabu kilomita tu

Nilipanda na baba mdogo siku 10, simu mkononi, nikiandika injini imewaka saa ngapi. Wastani ulikuwa kilomita 120 kwa siku, na injini ikiwaka saa 6. Gawanya: ni kilomita 20 kwa saa. Kuna kusubiri abiria stendi, kuna kupanda kilima kwa gia ya kwanza, kuna kushusha magunia.

Kwa mwendo huo, kilomita 5,000 ni saa 250 za injini. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara kuu bila kusimamasimama, kwa saa hizo 250 litakuwa limekwenda kilomita 20,000. Yaani injini yetu ikisoma 5,000 kwenye odomita, imefanya kazi kwa muda ambao injini ya mwenzetu wa safari ndefu ingesoma 20,000. Hao wa Ulaya hawatuzidi sana kama tulivyodhani. Tofauti ni kwamba odomita yetu haihesabu kusimama.

Wenye matrekta wanalijua hili siku nyingi. Trekta za mashambani zina mita ya saa, na nyingi zinamwagwa oili kila saa 250. Hakuna anayeuliza trekta imekwenda kilomita ngapi.

Tuingie kwenye shilingi

Bei zinabadilika, kwa hiyo chukua hizi kama mfano, kisha weka za dukani kwenu.

Oili ya kawaida: galoni ya lita 4 shilingi 50,000, filta 10,000, ufundi 10,000. Jumla 70,000. Ukimwaga kila kilomita 5,000, ni shilingi 14 kwa kilomita.

Oili ya sintetiki: galoni 110,000, filta nzuri 15,000, ufundi 10,000. Jumla 135,000. Ukiisogeza mpaka kilomita 10,000, ni shilingi 13.50 kwa kilomita.

Noah ikifanya kazi siku 26 kwa mwezi, kwa mwaka inakwenda kilomita 37,440. Tofauti ya nusu shilingi kwa kilomita inakuwa shilingi 18,720 kwa mwaka mzima. Basi. Ubishi wote ule ni kwa ajili ya hela ambayo haifiki hata 20,000.

Kishawishi chenyewe kiko kwingine: kubaki na oili ya kawaida, lakini kuisogeza mpaka 10,000. Hapo gharama inashuka kutoka shilingi 14 hadi 7 kwa kilomita, na kwa mwaka unaokoa shilingi 262,080. Hiyo ni hela ya kuonekana. Sasa weka upande wa pili. Tuchukulie injini ya mtumba na kuifunga ni shilingi 2,500,000. Gari litalala gereji siku 14, na hesabu ya siku ni 40,000, kwa hiyo zinapotea 560,000. Jumla ya hasara ni 3,060,000.

Gawanya akiba kwa hasara: 262,080 kwa 3,060,000 ni kama asilimia 8 na nusu. Maana yake, kama kusogeza sevisi kunaongeza uwezekano wa injini kufa mwaka huo kwa zaidi ya moja kati ya kumi na mbili hivi, akiba yote imeliwa. Kwa injini yenye zaidi ya miaka 20, inayopanda mlima kwenye vumbi ikiwa imejaza, mimi siwezi kucheza kamari hiyo. Na hasara hiyo haiji kidogo kidogo kama akiba. Inakuja siku moja, mara nyingi wiki ya kulipa ada.

Si kila kitu kifuate tarehe moja

Hapa ndipo baba mdogo alipokuwa na hoja. Kuna vitu tulivyokuwa tunabadilisha kwa mazoea tu. Fundi akimwaga oili anabadilisha na plagi, na pedi za breki, na eya klina, hata kama bado ziko vizuri. Hapo unaweza kuokoa bila kuhatarisha injini.

Eya klina ifuate vumbi: kiangazi ikaguliwe kila wiki, masika inaweza kukaa zaidi. Pedi za breki zifuate unene wake, maana dereva anayeshuka mlimani kila siku anazimaliza mapema kuliko wa barabara kuu. Mafuta ya breki yafuate miaka, kwa sababu yanavuta unyevu hata gari likiwa limeegeshwa. Mkanda wa taiming wa injini kama yetu, 3S, ufuate kilomita 100,000, na kama gari ni la mtumba na hujui historia yake, hesabu upya siku unayolinunua.

Kwa gari la mjini linalotembea kidogo, kama Vitz ya kwenda chuo na kurudi, kilomita zinadanganya kwa upande mwingine. Kilomita 400 kwa mwezi ni 4,800 kwa mwaka. Ukisubiri 5,000 utapita mwaka, na safari zenyewe ni fupi kiasi kwamba oili haipati joto la kukausha maji yaliyoingia. Hapo fuata miezi, usifuate odomita. Na wewe wa bodaboda, kumbuka injini yako ina oili kama lita moja tu, na hiyo hiyo inalainisha gia na klachi. Usijilinganishe na gari hata kidogo.

Kwa mwenye Golf au BMW ya mtumba: usiiamini taa ya sevisi mpaka ujue ni oili gani iliyomo. Taa haioni eya klina iliyotoboka wala oili feki. Pia usichanganye taa hiyo na taa nyekundu ya kandili ya oili. Ya sevisi inakwambia panga siku. Nyekundu inakwambia zima injini sasa hivi, ulipo.

Tulivyokubaliana nyumbani

Jioni moja nilimsalimia baba mdogo, "Shikamoo," nikamwekea daftari mezani. Alilisoma kimya, akauliza swali moja tu: "Hizi saa 250 umezipata wapi?" Nikamwonyesha zile siku 10. Akasema sawa.

Oili inabaki kila kilomita 5,000. Tarehe inaweza kusogezwa nyuma, miezi ya vumbi, lakini haisogezwi mbele. Kila Jumapili kijiti cha oili kinachomolewa gari likiwa mahali tambarare, na kiasi kinaandikwa. Oili inanunuliwa kwenye galoni iliyofungwa, si ya kupima kwenye pipa. Oili chafu haimwagwi kwenye mfereji unaokwenda kwenye kahawa na migomba ya majirani. Inawekwa kwenye dumu, na wenye kupaka nguzo dhidi ya mchwa wanajua pa kuifuata. Plagi na pedi zinabadilishwa zikikaguliwa na kuonekana zimeisha. Na kila siku shilingi 2,000 inatolewa kwenye hesabu kabla haijafika kwa mama. Kwa siku 26 ni 52,000 kwa mwezi, wakati sevisi yenyewe inakula kama 44,000. Kinachobaki kinangoja mkanda na matairi.

Ukienda likizo, jaribu hivi kwa chombo cha kwenu. Andika kilomita na saa za injini kwa siku 10. Gawanya kilomita kwa saa. Ukipata chini ya 30, achana na habari za kilomita 10,000 na oili ya kawaida. Ukipata 60 na kwenda juu, kwenye lami, bila mzigo, kaa na fundi na kitabu cha gari mjadiliane. Halafu weka bei za dukani kwenu, zidisha, na mwonyeshe anayelipa ada yako.