SOMO LA IJUMAA: MZEE AULIZWE ANGALI ANASEMA

Bismillahi Rahmani Rahim.



Somo letu la leo ni juu ya wazee wenye ugonjwa usiopona, na zaidi wale wanaokaa katika nyumba za wazee huko Ulaya. Wengine watasema: hilo si letu, sisi hatuweki mzazi kwa wageni. Lakini wengi wetu tuna mama, shangazi au kaka mkubwa Bruxelles au Liège. Watoto wanatoka kazini usiku, mzee amesahau jiko likiwaka mara mbili, na mwisho amepelekwa nyumba ya wazee. Leo hatuhukumu hayo. Tunasema juu ya simu inayotufikia huku: "Mama hali tena. Mganga anauliza, apelekwe hospitali au abaki? Atiwe mpira wa chakula au aachwe?" Mkubwa wa jamaa aliye Kindu anasema hivi, mdogo aliye Bruxelles anasema vile, na binti anayekwenda kumlisha kila siku anaambiwa anyamaze. Mama mwenyewe, ambaye miaka 3 nyuma alijua vizuri anachotaka, hakuulizwa na mtu. Sasa akili imekwisha kwenda.

Imamu Bukhari amepokea kwa Bibi Aisha (r.a.) habari ambayo haisomwi sana misikitini kwetu. Mtume (s.a.w.) alipokuwa mgonjwa, watu wa nyumbani walimtia dawa kwa upande wa kinywa. Aliwaashiria wasifanye. Wao walidhani ni ile tabia ya kila mgonjwa kuchukia dawa, wakaendelea. Alipopata nafuu aliwauliza kwa nini wamefanya alichowakataza, akaamuru kila aliyekuwamo nyumbani atiwe dawa ileile, isipokuwa Abbas, ambaye hakuwapo walipofanya hivyo.

Tuangalie vizuri habari hii. Wale watu walimpenda Mtume kuliko tunavyowapenda mama zetu, na nia yao ilikuwa njema. Lakini ishara ya mgonjwa ilikuwa neno, nao walilipita. Tena kuna habari ya yule mwanamke mwenye kifafa: Mtume alimpa kuchagua, asubiri au aombewe kupona, naye akachagua kusubiri. Kwa habari hiyo wanazuoni wengi walisema kutumia dawa si wajibu katika kila ugonjwa. Na mwaka 1992 Baraza la Fikihi la nchi za Kiislamu, lililokutana Jeddah, lilitamka kwamba mtu mzima mwenye akili timamu hatibiwi bila idhini yake. Basi anayesema kwamba kumuuliza mzee ni kukosa imani, atuonyeshe dalili yake.

Sasa, mzee anaulizwa nini? Hapa lazima tujue kwanza kazi ya waganga wenyewe. Iko namna ya kutunza ambayo haikimbilii kuponya, bali inaondoa maumivu, pumzi fupi, kichefuchefu na hofu, mpaka siku Mungu aliyoiandika. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita tiba shufaa. Haimuui mgonjwa wala haimwachi. Jirani zetu Uganda wanaijua tangu 1993, Dokta Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda na kuleta mofini ya maji ya kunywa. Tangu 2004 wauguzi wa huko waliofundishwa kazi hiyo wana ruhusa ya sheria ya kuiandika. (Kwetu Kongo neno "hospice" linatufanya tuwaze nyumba ya wazee waliotupwa. Kumbe kule ni kikundi cha wauguzi wanaomfuata mgonjwa nyumbani kwake.)

Juu ya mofini kuna hofu nyingi. Wengine wanasema ni ulevi, wengine kwamba ukiipokea umekwisha kufa. Mofini inayopimwa kwa kiasi cha maumivu, ikianza kidogo na kupandishwa polepole, haifupishi maisha. Ile ya maji hunywewa kila saa 4, kabla maumivu hayajarudi. Inafunga tumbo, kwa hiyo hutolewa pamoja na dawa ya kulegeza choo. Siku za kwanza inaleta usingizi, halafu usingizi hupungua. Dawa ya kutibu maumivu haina hukumu ya pombe. Yuko pia mzee anayesema: nipunguzieni, nivumilie kidogo, nataka akili yangu kwa ajili ya swala na shahada. Hiyo ni haki yake, lakini ni yeye wa kuisema. Mtoto asiyesikia maumivu yale hana ruhusa ya kumchagulia subira.

Jambo la pili ni chakula, na hapa ndipo jamaa zinagombana zaidi, kwa sababu kwetu kumpa mama chakula ni kumpenda. Mzee ambaye ugonjwa wa kusahau umemfikisha mwisho, hajui tena kumeza, mpira wa chakula haumwongezei maisha, wala hauzuii chakula kuingia mapafuni. Waganga wa wazee wanashauri alishwe kwa mkono, kijiko kidogo kidogo, kwa kiasi anachotaka. Siku za mwisho kabisa mwili hauombi tena chakula. Midomo ilowanishwe kwa maji, hiyo ndiyo inayompumzisha.

La tatu: moyo ukisimama, wamkandamize kifua? Kwa kijana aliyeanguka ghafula ni jambo jema sana. Kwa mzee dhaifu wa nyumba ya wazee, wanaorudi ni wachache sana, na mbavu huvunjika.

Tufike kwenye makaratasi, maana hapo ndipo watu wetu wanakimbia. Ubelgiji ilitoa sheria tatu katika mwaka mmoja, 2002. Ya tarehe 28 Mei iliruhusu mganga kumuua mgonjwa aliyeomba mwenyewe, kwa masharti. Jambo hilo ni haramu kwetu, hatuna maneno zaidi. Ya tarehe 14 Juni ilimpa kila mtu haki ya tiba shufaa. Ya tarehe 22 Agosti ni ya haki za mgonjwa, na ilisahihishwa mwaka 2024. Kwa kuwa zilitoka pamoja, Waislamu wengi wanazichanganya, na nyumba ya wazee ikileta karatasi yoyote wanasema: wanataka kumuua mama. Lakini karatasi ya kuomba kuuawa ni nyingine kabisa, na hakuna mtoto wala mganga anayeweza kumwombea mtu mwingine. Kukataa karatasi zote kwa hofu ya hiyo moja kunamwacha mama bila neno lake.

Chini ya sheria ya 22 Agosti, mgonjwa anaweza kuandika, angali na akili, matibabu asiyoyataka, na mganga lazima ayaheshimu. Anaweza pia kumtaja kwa maandishi mtu wa kusema badala yake. Asipomtaja yeyote, sheria inafuata zamu yake: kwanza mume au mke anayekaa naye, halafu watoto wakubwa, halafu wazazi, halafu ndugu. Kaka mkubwa wa Kindu ajue kwamba yuko mwisho wa zamu hiyo, na watoto wasipopatana, mganga ataamua anachoona ni faida ya mgonjwa. Mama akitaka kaka yake ndiye aseme, amwandike. Akimtaka binti anayemlisha, amwandike binti, na jamaa ikubali.

Sayyidna Umar (r.a.) alipochomwa, alinyweshwa maziwa yakatokea katika jeraha. Mganga alimwambia wazi atoe wasia wake. Hakumkasirikia, alisema ameambiwa kweli, akapanga mambo yake, madeni yake na shura ya watu 6. Sisi tunamficha mzee ugonjwa wake mpaka mwisho, halafu tunalia kwamba hakuacha wasia.

Basi wenye wazazi Ulaya wapige simu wiki hii, si siku ya hatari. Aulizwe kwa upole, kwa lugha yake, na si mara moja: Unaogopa nini zaidi? Unataka kufia hospitali au katika chumba hiki? Nani aseme kwa ajili yako? Nani akuoshe? Kitanda kigeuzwe kibla? Uzikwe wapi, na nani atalipa? Ayajibu mwenyewe, mbele ya mganga wake. Nakala moja ibaki kwa mganga, moja nyumba ya wazee, moja kwa yule aliyetajwa. Isomwe tena kila mwaka, na kila mara anapotoka hospitali, maana mtu hubadili neno lake, na bado ni neno lake.