Mbwa wa Zizi Amekufa: Ulete Mwingine Lini?

Wiki hii kijana mmoja wa hapa Kibakwe, mwenye mbuzi 40, alinisimamisha njiani: "Afisa, mbwa wangu kafa juzi. Jumamosi naletewa mwingine, si sawa?" Nikamuuliza, kafa kwa nini? Hakujua. Somo la leo linaanzia hapo.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea hapohapo. Mbwa wangu alikufa kwa kutapika na kuhara damu. Nilimlilia, sifichi. Uwanja ulikuwa kimya mno, basi ndani ya wiki nikaleta kitoto cha miezi miwili, nikakilaza kwenye banda lilelile. Siku ya kumi nacho kikafa. Haraka yangu ndiyo iliyokiua.

Kwa hiyo kabla ya kupanga tarehe, jua kwanza sababu ya kifo.

1. Alitapika na kuhara damu. Shuku parvo, hasa kwa mbwa mdogo. Virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Choma matandiko, osha sakafu na vyombo kwa sabuni, kisha paka jiki: kipimo 1 kwa maji vipimo 30. Udongo wa uwanjani hausafishiki hivyo. Leta mbwa mkubwa mwenye chanjo kamili, siyo kitoto.

2. Alibadilika tabia, aking'ata ovyo na kutoa udenda. Shuku kichaa cha mbwa. Usiguse mzoga kwa mikono mitupu, mwite afisa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asisubiri dalili, maana zikishatokea karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa na mbuzi waliong'atwa wanaweza kuugua baada ya wiki au miezi, hivyo usilete mbwa mpya mpaka afisa mifugo akuruhusu.

3. Alikula sumu au aliuawa na fisi. Hapa hakuna ugonjwa wa kusubiri uishe. Ondoa sumu, fukia mizoga, ziba matundu ya zizi. Ukimaliza, leta.

4. Alikufa kwa uzee. Ulichelewa kidogo. Safari ijayo leta kitoto mzee angali hai, amfundishe kazi.

Sasa piga hesabu ya kazi. Kitoto cha wiki 8 kikilala karibu na mbuzi huwazoea mapema, lakini mpaka afikishe mwaka mmoja na nusu au miwili usimtegemee mbele ya fisi. Muda wote huo mlinzi wako ni zizi imara. Chanjo ya kichaa apate akiwa na miezi 3, kisha irudiwe kila mwaka.

La mwisho ni moyo. Ukijikuta unamchapa mgeni kwa sababu hafanyi kama yule wa zamani, bado hujawa tayari. Subiri. Mbwa mpya hakuja kulipa deni la marehemu.

Yule kijana ameahirisha Jumamosi yake. Tumeanza na kusafisha banda.