Somo la Afya: Kusoma Majibu ya Kipimo cha Testosteroni kwa Vijana

Vijana wa kiume wameanza kuja kwenye vikundi vyetu wakiwa na karatasi ya maabara mkononi. Karatasi ina neno testosteroni, namba, na pembeni herufi L, maana yake iko chini ya kiwango. Wengi wao hawakutumwa na daktari. Walikuwa wamechoka, au walishindwa siku moja chumbani, wakasikia tangazo, wakalipia kipimo. Baada ya hapo anakuja muuzaji wa dawa. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuisoma karatasi hiyo kabla fedha haijatoka mfukoni, na mambo ambayo kweli hupandisha homoni hii bila dawa. Somo linawafaa viongozi wa vijana, wahudumu wa afya ya jamii na wazazi. Tunatumia maneno ya wazi, kwa kuwa aibu ndiyo inayowasukuma vijana kwa wauzaji.

Testosteroni hutengenezwa hasa na korodani. Ndiyo inayoleta sauti nzito, ndevu, misuli na hamu ya tendo la ndoa, na bila hiyo mbegu za kiume hazikomai. Lakini korodani hazijiamulii zenyewe. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari, nayo hutoa homoni mbili, LH na FSH. LH huziamuru korodani kutengeneza testosteroni, na FSH husaidia utengenezaji wa mbegu. Testosteroni ikitosha katika damu, ubongo hupunguza amri. Msomaji ashike jambo hili, tutalirudia tutakapofika kwenye sindano.

Jambo la kwanza la kuangalia kwenye karatasi ni saa damu ilipotolewa, hata kabla ya kutazama namba. Kwa kijana, testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka mchana hadi jioni. Kwa hiyo damu itolewe asubuhi, kabla ya saa 4, na kabla ya kula. Hata sukari ina athari: mtu akinywa kinywaji chenye sukari nyingi, testosteroni inaweza kushuka kwa kama robo kwa saa chache. Ugonjwa pia huishusha. Mtu aliyetoka kuugua malaria au homa ya mapafu asipime mpaka apone vizuri. Tena kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Miongozo ya madaktari inataka vipimo viwili vya asubuhi, siku tofauti, vyote vikiwa chini, na mtu awe na dalili.

Jambo la pili ni kizio cha kipimo. Hapa watu wengi huogopa bure. Maabara moja huandika nanomoli kwa lita (nmol/L), nyingine nanogramu kwa desilita (ng/dL), nyingine nanogramu kwa mililita (ng/mL). Kijana anapata 4.2, anasoma mahali fulani kwamba kiwango cha chini ni 9, anaamini amekwisha. Kumbe 4.2 yake ni ng/mL, ambayo ni sawa na 420 ng/dL, au takriban 14.6 nmol/L. Ni namba ya kawaida kabisa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliounganisha takwimu za wanaume wa Ulaya na Marekani, uliweka kiwango cha wenye afya wa miaka 19 hadi 39 wasio wanene kupita kiasi kuwa kati ya 264 na 916 ng/dL, yaani takriban 9.2 hadi 31.8 nmol/L. Maabara yako inaweza kuwa na mipaka yake kidogo tofauti. Tumia ile iliyochapwa kwenye karatasi hiyo hiyo.

Tazama upana wa kiwango hicho. Mwenye 400 na mwenye 800 wote ni wazima, na wa pili si mwanamume mara mbili ya wa kwanza. Wauzaji wanapenda sana kusahau jambo hili.

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 24 anaendesha bodaboda mchana na kulinda duka usiku. Alipima saa 10 jioni, siku tano baada ya kumaliza dawa za malaria, akapata 8.4 nmol/L. Aliambiwa anahitaji tiba ya miezi sita. Mhudumu wa afya akamshauri asubiri wiki kadhaa, aombe zamu ya usiku ipunguzwe, kisha apime asubuhi akiwa hajala. Akapata 15.1, na wiki mbili baadaye 14.3. Je, kijana huyu alikuwa anaumwa nini? Kikundi kinaweza kulijadili swali hili kabla ya kuendelea.

Namba ikiwa chini kweli, mara mbili, ndipo LH na FSH zinapohitajika. Testosteroni chini na LH juu maana yake ubongo unaamuru kwa nguvu lakini korodani hazijibu. Sababu zaweza kuwa matubwitubwi yaliyoshuka kwenye korodani, korodani ambazo hazikushuka utotoni, au hali ya kuzaliwa na kromosomu X ya ziada. Testosteroni chini na LH ikiwa chini au ya kawaida, tatizo liko juu, kwenye amri yenyewe. Hapo daktari hupima pia prolaktini, kwa sababu uvimbe wa pituitari unaweza kujificha nyuma ya namba hiyo. Dawa za maumivu za jamii ya afyuni, tramadoli ikiwemo, nazo huzima amri hiyo, na vijana wanaozitumia ili wavumilie kazi nzito hawaambiwi. Kwa mtu mnene, protini inayobeba testosteroni katika damu (SHBG) huwa ndogo, hivyo jumla huonekana chini wakati ile iliyo huru inatosha. Jambo moja zaidi: vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi huvuruga baadhi ya mashine za maabara. Aliyevitumia amwambie mpimaji.

Sasa tuje kwenye kupandisha. Usingizi tunauweka mbele, na tunajua si ushauri unaouzika. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago walichapisha matokeo ya vijana 10 wenye afya waliolala saa tano tu kila usiku kwa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Unene unafuata: kwa wanaume wanene, kupunguza karibu asilimia 10 ya uzito kwa chakula kumeonekana kupandisha testosteroni kwa kama nmol/L 3. Pombe nyingi huumiza korodani moja kwa moja. Mazoezi ni mazuri kwa moyo, misuli na usingizi, ila kwa kijana mwembamba mwenye afya hayaongezi sana namba hii. Madini ya zinki humsaidia aliyepungukiwa. Aliye nayo ya kutosha haongezi kitu. Maharage, karanga, mayai, nyama na dagaa huyaleta.

Supu ya pweza, na ule mchanganyiko wa karanga mbichi, nazi na muhogo mbichi, ni chakula. Hatuna ugomvi nacho, isipokuwa muhogo mchungu usiliwe mbichi, una sumu. Haijathibitishwa kwamba vinapandisha testosteroni. Mizizi na unga wa kuongeza nguvu ni jambo la kuogopa zaidi. Mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimekuta bidhaa zinazoitwa za asili zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya kusimamisha uume. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati anaweza kushuka presha ghafla na kufa.

Kisha kuna sindano za testosteroni zinazouzwa kwenye baadhi ya kumbi za mazoezi. Kumbuka ile amri ya ubongo. Testosteroni ikiingia kwa sindano, ubongo unaona inatosha, unazima LH na FSH, korodani zinasinyaa na mbegu zinapungua au kwisha. Hili linajulikana kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani lilijaribu sindano ya miligramu 200 kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Kijana anayejidunga ili awe mwanamume kamili anatumia dawa iliyowahi kujaribiwa kuzuia mimba. Akiacha, mbegu kwa kawaida hurudi, lakini inaweza kuchukua miezi mingi, na kwa baadhi zaidi ya mwaka. Aliyeoa na kutafuta mtoto asiguse kabisa.

Wapo wanaohitaji kweli matibabu ya homoni, chini ya daktari. Msichelewe kumpeleka hospitali mvulana aliyefika miaka 14 bila dalili yoyote ya kubalehe, kijana ambaye ndevu zake zinapotea au korodani zake ni ndogo sana, anayetoa maziwa kifuani, au mwenye maumivu ya kichwa yanayoambatana na kupungua kuona pembeni. Aende na karatasi zote, zenye saa ya kutolewa damu, na orodha ya kila kidonge, unga na sindano aliyotumia.