Siagi ya karanga ya kuuza

Akina mama wengi hutuuliza kama wanaweza kuuza siagi ya karanga wanayoisaga nyumbani. Wanaweza, ila kazi huanzia kwenye kuchambua, siyo kusaga. Karanga yenye ukungu, iliyosinyaa au kubadilika rangi huweza kuwa na sumukuvu, sumu iharibuyo ini. Kuikaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Basi mama, usizisage zile mbovu ati kwa kuwa mnunuzi hatazitambua. Wala usiwape kuku, nao hudhurika. Zifukie, ingawa tunajua inauma kutupa mali. Ukivuna mwenyewe, anika juu ya turubai, si udongoni. Habari za kibali waulize SIDO na Shirika la Viwango (TBS) kabla hujanunua chupa.